Kutoka Mzizima hadi Bongo: Jina la Jiji na Kanuni za Lugha

Makala hii inachunguza asili ya jina Dar es Salaam na lakabu yake, Bongo. Kijiji cha Mzizima kilipata jina jipya katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji hapo. Wapo wanaodai kuwa jina hilo ni ufupisho wa Bandari ya Salama. Dai hilo halina mashiko, kwani neno la Kiarabu *dar*, yaani nyumba au makao, linajitosheleza. Nayo *es* ni kibainishi *al* kilichofanana na sauti ya *s* inayokifuata.

Bongo, kwa upande wake, ni zao la Kiswahili chenyewe. Nomino *ubongo* imedondoshwa kiambishi *u-*, kama *ubao* inavyozaa *bao*, na hivyo kupata maana ya ukubwa: mji udaio akili nyingi. Baadaye maana ilipanuka ikajumuisha Tanzania nzima. Lakabu hii huchukua upatanisho wa mahali (*Bongo kuna kazi*) na hunyambulika kikamilifu: Mbongo, Wabongo, Kibongo. Jina rasmi halikubali viambishi hivyo kwa urahisi. Hulazimu kusema "mkazi wa Dar es Salaam".

Kwa hiyo, wanaoiita misimu uharibifu wa lugha hawana budi kutafakari upya. Katika mfano huu, lakabu ya mitaani ndiyo iliyotii sarufi ya Kiswahili kuliko jina rasmi.