SOMO: FEDHA MKONONI MWA JAMAA MASIKINI



Somo la leo linahusu jambo lililozua ubishi mwingi viwandani na mashambani, yaani msaada wa fedha taslimu unaopewa jamaa masikini za milimani. Kuna wenzetu wanaouliza: kwa nini mtu apewe fedha bila kazi, na sisi tunaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma chai? Swali hili si la kupuuzwa. Tutalijibu kwa hesabu na kwa mambo yaliyokwisha kufanyika.

Kwanza tuelewe msaada wenyewe. Zamani msaada ulikuwa mahindi, maharagwe, mablanketi, majembe. Mtoaji ndiye aliyeamua mnyonge anahitaji nini. Siku hizi jamaa hupewa fedha, mara nyingi kwa njia ya simu, na wenyewe huamua. Hapa Burundi mpango mkubwa wa namna hiyo ni Merankabandi, maana yake "uwe kama wengine". Ni mpango wa Serikali uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Malipo yalianza mwaka 2018 katika mikoa minne ya wakati ule: Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Jamaa zipatazo 56,000, zile masikini kabisa zenye watoto wa chini ya miaka 12, zilipangiwa faranga 20,000 kwa mwezi, zikilipwa kila miezi miwili kwa muda wa miezi 30. Mpokeaji alikuwa mama. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, shirika la Concern Worldwide lilikuwa na mpango wa Terintambwe, yaani "piga hatua", huko Cibitoke na Kirundo. Wao walitoa fedha za kila mwezi kwa muda, kisha fungu la kuanzia biashara ndogo, pamoja na vikundi vya akiba na watu wa kuwatembelea kuwashauri.

Sasa tutazame fedha hizo zinafanya nini ndani ya nyumba. Tuchukue mfano wa jamaa ambayo kila mmoja wetu anaijua, maana wengi wetu tumetoka humo: baba, mama na watoto watano, shamba dogo lisilofika hata nusu hekta, hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi. Mwezi wa Oktoba mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na akiba ya chakula imekwisha. Mama afanye nini? Anakwenda kulima kwa jirani mwenye uwezo ili jioni apate kilo moja ya maharagwe. Shamba la jirani linapandwa kwa wakati. La kwake linapandwa wiki tatu baadaye, na mbegu alikwisha kuzila. Mwezi wa Januari jirani anavuna vizuri, yeye anavuna haba. Mwaka unaofuata atarudi kwa jirani yule yule. Mara nyingine baba huuza mavuno yakiwa bado shambani, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu mtoto anaumwa usiku huu.

Hapo, ndugu, ndipo penye fundo la umasikini. Jamaa hii haikosi bidii. Inakosa kitu kidogo cha kuvukia miezi miwili mibaya. Ikipata faranga 20,000 mwezi wa Oktoba, mama anabaki shambani kwake na anapanda kwa wakati. Mbegu hazili. Mtoto anapelekwa zahanati siku ya pili ya homa badala ya siku ya saba. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2005 shule ya msingi hailipiwi ada, na tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua wanatibiwa bure. Lakini daftari halikuwa bure, wala sare, wala mtoto wa miaka minane akiugua. Baada ya miezi kadhaa ananunuliwa mbuzi. Mbuzi ni benki, tena benki yenye samadi. Kisha mabati mawili matatu. Wataalamu waliofuatilia Terintambwe waliona milo ya siku imeongezeka na vitu vya nyumbani pia. Tena waliona, jambo linalotufurahisha, kwamba jamaa zilizotembelewa na washauri mara chache hazikuachwa nyuma sana na zile zilizotembelewa mara nyingi. Masikini hahitaji mtu wa kumsimamia mlangoni kila siku.

Je, fedha hazinywewi pombe? Huu ndio ubishi wa kila siku. Huko Kenya, wilayani Rarieda, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa simu kuanzia mwaka 2011, na wachunguzi wakalinganisha waliopata na waliokosa. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Chakula kiliongezeka, mifugo iliongezeka, nyumba za nyasi zikaezekwa mabati. Waliopewa kidogo kidogo kila mwezi walikula vizuri zaidi. Waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu.

Na uvivu? Hebu tuulizane. Wapishi, watunza bustani na walinzi wa usiku, wale tunaowaita zamu, wanaofanya kazi katika nyumba za Kigobe, hutuma fedha kwa mama zao milimani kila mwisho wa mwezi. Nani kati yao anaogopa kwamba mama atakuwa mvivu? Faranga ni ile ile, simu ni ile ile. Tofauti ni kwamba yule hana mtoto mjini.

Tuje kwenye jambo letu wenyewe, yaani mishahara. Kima cha chini kilichowekwa nchini mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mjini na faranga 105 bara, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikubadilishwa. Pigeni hesabu: siku 26 za kazi mara 105 ni faranga 2,730 kwa mwezi. Msaada wa masikini kabisa ulikuwa zaidi ya mara saba ya mshahara halali wa chini wa kibarua! Wako watakaosema basi msaada ni mkubwa mno. Sisi tunasema mizani ilivunjika upande wa mshahara. Tena tufikiri: mama asiyekuwa na njaa mwezi wa Oktoba hakubali kulima kutwa kwa kilo ya maharagwe. Akikataa yeye, jirani hulazimika kuongeza malipo, na kibarua mwingine anafaidika. Huko Siaya, Kenya, kati ya mwaka 2014 na 2017, jamaa zaidi ya 10,000 zilipewa yapata dola 1,000 kila moja. Hata jamaa ambazo hazikupewa kitu ziliongeza matumizi, karibu sawa na waliopewa, kwa kuwa fedha zilizunguka kwa fundi, kwa mwenye duka, kwa kibarua. Bei hazikupanda hata kwa asilimia 1.

Lakini tusidanganyane. Msaada unaopangwa kwa faranga huliwa na bei. Faranga 20,000 mwaka 2018 zilikuwa yapata dola 11 kwa bei rasmi. Baada ya faranga kushushwa thamani mwezi Mei 2023, hazikufika dola 8. Miezi 30 pia hwisha. Tena anayechagua majina ana nguvu, na jirani aliyekosa kwa tofauti ndogo hubaki na kinyongo. Wenzetu wa Tanzania, ambako mpango wa TASAF umefikia zaidi ya kaya milioni moja, wanaujua ubishi huo wa majina vizuri.

Bajeti ya nchi kwa miaka mingi imejadiliwa katika jengo la Bunge pale Kigobe, hatua chache kutoka wanapolala zamu tuliowataja. Kwa hiyo katika mkutano wa tawi tunaomba mjadili haya: kibarua cha siku moja kinalipwa kiasi gani kwenye mlima wenu, mwezi wa Oktoba na mwezi wa Februari? Kwa malipo hayo unanunua kilo ngapi za maharagwe? Na kama msaada wa fedha upo kwenu, nani alisoma majina, na yalisomwa mbele ya watu au la? Katibu wa tawi aandike majibu pamoja na jina la mlima, ayalete kabla ya mwisho wa mwezi.