Mali na Wivu katika Nyumba ya Abrahamu

Mafundisho juu ya Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13 mpaka 50

Baba mwenye mali akifa kijijini, mara nyingi matanga hayajaisha na watoto wake wamekwisha kuanza kuhesabu ng'ombe, mbuzi na migomba. Wana wa mke huyu hukaa upande mmoja, wana wa mke yule upande mwingine, na mzee atakaye kuwapatanisha hana wa kumsikiliza. Mkatekumeni asidhani ya kuwa Biblia haijui mambo hayo. Kitabu cha Mwanzo chaeleza habari za jamaa moja ya matajiri, vizazi vinne, tangu Abrahamu hata wana wa Yakobo, wala hakifichi makosa yao. Yafaa kuzisoma habari hizo polepole na kuangalia mambo mawili: ugomvi ulianza kwa nini, na nani aliuzima.

I. Abrahamu na Lota

Abrahamu alikuwa na mifugo mingi, fedha na dhahabu. Alisafiri pamoja na Lota, mtoto wa ndugu yake marehemu, ambaye naye alikuwa na kondoo, ng'ombe na hema. Nchi haikuwatosha wote wawili. Wachungaji wa huyu wakagombana na wachungaji wa yule. Walioanza ni watumishi, si wenye mali. Lakini ugomvi wa watumishi hupanda upesi mpaka kwa mabwana.

Abrahamu ndiye aliyekuwa mkubwa, naye angeweza kuchagua kwanza. Badala yake alimwachia Lota achague, naye atwae upande utakaobaki. Lota akaona bonde la Yordani, lenye maji mengi, akalishika, akapiga hema karibu na Sodoma. Baadaye wafalme wanne waliipiga Sodoma, wakamteka Lota na mali yake yote. Abrahamu hakusema kwamba Lota amejitakia mwenyewe. Alichukua watumishi 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata adui, akawapiga usiku, akamrudisha Lota pamoja na mali yake. Mfalme wa Sodoma alipotaka kumpa mali iliyookolewa, hakukubali kujitwalia kitu.

Lakini hata katika nyumba hiyo amani haikudumu. Sara hakutaka Ismaeli, mwana wa mjakazi Hagari, arithi pamoja na Izaka. Hagari na mwanawe wakaondolewa, wakatangatanga jangwani mpaka maji yakawaishia katika kiriba, na Mungu ndiye aliyewaokoa. Hata hivyo, Abrahamu alipofariki mwenye miaka 175, wana wote wawili, Izaka na Ismaeli, walikuja kumzika katika pango la Makpela.

Izaka naye alitajirika. Katika nchi ya Gerari alipanda, akavuna mara 100. Wenyeji wakamwonea wivu, wakafukia visima vya baba yake. Watumishi wake wakachimba kisima kipya, watu wakakigombea. Wakachimba cha pili, nacho kikagombewa. Izaka akaondoka, akachimba cha tatu mbali kidogo, na hicho hakuna aliyekigombea. Baadaye mfalme wa Gerari mwenyewe alimfuata ili wafanye mapatano.

II. Ezau na Yakobo

Izaka na Rebeka walipata mapacha. Izaka alimpenda Ezau, kifungua mimba, kwa sababu ya nyama ya mawindo; Rebeka alimpenda Yakobo, aliyekaa hemani. Hapo ndipo penye mzizi: wazazi waligawanya upendo, na watoto wakagawanyika.

Siku moja Ezau alirudi kutoka porini na njaa kali, akamwuzia mdogo wake haki ya kifungua mimba kwa mkate na chakula cha dengu. Kisha Izaka alipozeeka na kupofuka macho, Yakobo, kwa shauri la mama yake, alivaa nguo za Ezau, akajifunika mikono na shingo kwa ngozi za mbuzi, akaipokea baraka ya kaka yake. Ezau alilia sana, akakusudia kumwua. Basi yule aliyeitwaa baraka ya nyumba akaikimbia nyumba hiyo bila mali, ila fimbo yake. Rebeka alidhani atakaa ugenini siku chache tu. Alikaa miaka 20.

III. Yakobo na Labani

Yakobo alikimbilia Harani, kwa mjomba wake Labani, na huko mdanganyifu akadanganywa. Alitumika miaka 7 ili amwoe Raheli. Usiku wa arusi akaletewa Lea, dada yake mkubwa. Akamwoa Raheli pia, akatumika miaka 7 mingine. Kisha alitumika miaka 6 kwa ajili ya mifugo: wanyama wenye madoadoa na kondoo weusi ndio ujira wake. Labani aligeuza ujira huo mara kwa mara, na Yakobo naye alitumia werevu wake ili kundi lake liongezeke. Wana wa Labani wakanung'unika ya kuwa mali ya baba yao imekwenda kwa Yakobo. Yakobo akatoroka pamoja na wake zake na watoto, Labani akamfuata. Mwishowe walikusanya lundo la mawe, likawa mpaka na ushahidi kwamba hakuna atakayelivuka kumdhuru mwenziwe.

Mbele yake alibaki Ezau, akija na watu 400. Yakobo alitanguliza zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wenye kunyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe majike 40, mafahali 10, na punda 30. Aliyekuwa amejitwalia haki ya mkubwa akainama mara 7 mbele ya mkubwa huyo. Ezau hakumpiga. Alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Izaka alipofariki, mwenye miaka 180, wana wake hao walimzika pamoja.

IV. Yosefu na ndugu zake

Yakobo alikuwa ameona mabaya ya kupendelea mtoto, naye akatenda vivyo hivyo. Kati ya wana wake 12 alimpenda kupita wote Yosefu, mwana wa Raheli, akamshonea kanzu nzuri. Ndugu wakamchukia, na ndoto zake zikazidisha chuki. Alipokuwa na miaka 17 walimtupa shimoni. Rubeni alitaka kumwokoa. Yuda alitoa shauri auzwe, akauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Wakaichovya kanzu katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao. Yakobo alimdanganya baba yake kwa ngozi za mbuzi. Sasa wanawe wakamdanganya yeye kwa damu ya mbuzi.

Huko Misri Yosefu alipita utumwani na gerezani, na mwenye miaka 30 akawekwa na Farao juu ya nchi yote. Katika miaka 7 ya shibe aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno. Njaa ilipokuja, ndugu zake walifika kununua ngano, wasimtambue. Yosefu aliwajaribu: kikombe chake cha fedha kilifichwa katika gunia la Benyamini, mdogo wao, mwana wa pili wa Raheli, ili abaki mtumwa. Hapo Yuda, yule aliyetoa shauri la kumwuza Yosefu, akajitoa mwenyewe awe mtumwa badala ya Benyamini. Yosefu hakuweza kujizuia tena. Akalia kwa sauti, akajijulisha kwao. Yakobo akashuka Misri mwenye miaka 130, na watu wa nyumba yake walikuwa 70.

V. Mafundisho

Katika habari hizi zote, ugomvi haukuzimwa na aliyeshinda. Ulizimwa na mtu aliyekuwa na kitu mkononi akakiachilia. Abrahamu aliachilia uchaguzi, Izaka visima, Yakobo mifugo, Ezau kisasi cha miaka 20, Yuda uhuru wake. Yosefu aliyekuwa na nguvu kupita wote hakuzitumia kulipiza.

Lakini mtu asitumie maneno haya kumwambia mjane au yatima akae kimya anaponyang'anywa shamba. Abrahamu aliachilia malisho yaliyokuwa yake. Lota alipotekwa, alitoka na watu 318. Fungu lako waweza kuliacha. Fungu la mnyonge huna ruhusa ya kuliacha.

Katika nyumba hiyo, na katika ukoo wa Yuda yule yule, ndimo alimozaliwa Bwana wetu Yezu Kristu. Mungu hakungoja jamaa isiyo na kosa.

Maswali

1. Kwa nini wachungaji wa Abrahamu na wa Lota waligombana?
2. Izaka na Rebeka walikosa nini kwa watoto wao? Nani alirudia kosa hilo?
3. Yuda alikuwa mtu gani mwanzoni, naye alikuwa mtu gani mwishoni?
4. Eleza tofauti kati ya kuachilia haki yako na kuacha haki ya yatima.
5. Je, katika jamaa yako kuna ndugu wasiosalimiana kwa ajili ya urithi? Ni nani awezaye kuanza?