Paa Linavuja? Mlipe Fundi kwa Hatua

Mvua ya Machi ikianza Nakuru, nyumba za zamani hujitangaza zenyewe. Bondeni, Kivumbini, hata kwenye nyumba za mbao kule Molo, masufuria hutoka jikoni na kupangwa sebuleni kukinga matone. Hapo fundi hupigiwa simu usiku, pesa hutumwa haraka, na wengi huishia kulipia paa lilelile mara mbili. Leo tujifunze kuepuka hilo.

1. Jua ugonjwa kabla ya kuuliza bei

Tone linapoangukia si lazima pawe ndipo penye shimo. Maji huingia juu, hufuata mbao, kisha hudondokea mbali. Mwombe fundi aingie juu ya dari mchana, jua likiwaka, atafute miale ya mwanga. Adunge mbao kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeoza, na kuipigilia bati jipya ni kutupa bati.

Kama paa ni la asibesto, lisivunjwe wala kutobolewa. Vumbi lake hudhuru mapafu. Tafuta wenye leseni ya NEMA.

2. Weka akiba ya uozo uliojificha

Bei anayotaja fundi akiwa chini si bei ya mwisho. Uozo wote huonekana mabati yakishatolewa, na wakati huo nyumba iko wazi, huwezi kurudi nyuma. Weka pesa kando kwa ajili ya mbao za ziada, na usiichanganye na pesa ya ufundi.

Miezi mizuri ya kazi hii kwetu ni Januari na Februari, kukiwa kukavu. Shida ni kwamba Januari pia ni mwezi wa karo. Kwa hivyo anza mapema: Sh100 kila siku kuanzia Septemba 1 hadi Januari 31 ni Sh15,300.

3. Lipa duka mwenyewe

Fundi aandike orodha ya vifaa, nawe uipeleke kwenye maduka mawili au matatu. Uliza geji ya mabati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, kwa hivyo bei ya chini huenda ikawa ni bati jembamba tu. Lipa kwa nambari ya till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.

4. Lipa kazi unayoiona

Tuseme mmekubaliana ufundi wa Sh20,000. Unaweza kugawa hivi:

- Sh4,000 mabati ya zamani yakishatolewa
- Sh6,000 mbao mbovu zikishabadilishwa, kabla hazijafunikwa. Piga picha.
- Sh6,000 mabati yote yakishapigiliwa
- Sh4,000 paa likishapita mtihani wa mvua

Kabla ya malipo ya tatu, hakikisha misumari ina mpira na imepigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji ambamo maji hupita.

Malipo ya mwisho yasiwe mtego. Fundi naye ana watoto. Kubalianeni tangu mwanzo: zikipita siku 14 bila mvua, mwagieni paa maji kwa mpira, mkianzia chini kwenda juu. Lisipovuja, mlipe siku hiyohiyo.

5. Ujumbe wa simu ni risiti yako

Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi na jina, na mkibishana kuhusu kilicholipwa, huo ndio shahidi wako. Ukiambiwa, "Simu yangu imezima, tumia huyu kijana," ngoja kwanza. Mpigie fundi au mwonane ana kwa ana, kisha utume kwa nambari yenye jina lake mwenyewe.

Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa haijatolewa. Sisi hatutakuuliza PIN yako, hata tunapokusaidia kurudishiwa pesa.

Kabla ya mvua ijayo, fanya jambo moja tu: mwite fundi akague mbao. Ukishajua kilichooza, utajua pia unaweka akiba ya kiasi gani.