Dondoo Muhimu: Pikapu Tupu Kwenye Barabara ya Vumbi

Anayeendesha pikapu tupu kwenye Gibb River Road, njia ya kilomita 660 hivi huko Kimberley, Australia, huhisi nyuma ikirukaruka na kuteleza kando. Kisa si ubovu wa gari. Springi za nyuma zimeundwa kubeba karibu tani 1. Bila mzigo hazipindi, hivyo kila kituta, na barabara hizi zina vituta vilivyopangana kama bati, huitupa ekseli juu. Tairi lililo hewani halishiki chochote. Kwa hiyo anza na upepo, tena haugharimu kitu: tairi zenye paundi 36 zishushe hadi 28 hivi, zimeze zenyewe vituta vidogo. Wapo wanaohofia kwamba tairi laini huchemka. Ni kweli ukikimbia, basi punguza mwendo, na ujaze tena ukifika lami.

Wengine hupakia mifuko ya mchanga. Kilo 100 juu ya ekseli husaidia, mradi zifungwe imara, kwani mzigo unaohama kwenye kona ni hatari kuliko utupu. Lakini uzito hautibu shokapu zilizochoka. Shokapu ndizo hutuliza mruko, basi zilizochoka zibadilishe kabla ya kuongeza uzito. Na dai kwamba ukifika kilomita 80 kwa saa gari "huelea"? Huelea kweli, maana hugusa vilele tu, na breki nazo hushika vilele tu. Kwenye changarawe, tia gia ya magurudumu manne.