Kuonyeshana Hati Kabla ya Kesi ya Madhara

Watu wengi wa kandokando ya Ziwa hudhani kwamba kesi huanza siku ile mashahidi wasimamapo mbele ya hakimu. Sivyo. Iko kazi itanguliayo, nayo mara nyingi ndiyo iamuayo nani atashinda.

Tuseme abiria wa mashua iendayo Ukerewe amevunjika mguu, naye amefungua kesi Mwanza kumdai mwenye mashua fidia. Abiria asema mashua ilizidishiwa mizigo, mwenyewe akana. Je, hati ziko kwa nani? Cheti cha ukaguzi na orodha ya abiria viko kwa mwenye mashua. Tikiti, fomu ya polisi na karatasi za hospitali ziko kwa abiria. Basi Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ifuatwayo katika Mahakama Kuu, ya Hakimu Mkazi na ya Wilaya, yatoa njia tatu.

Kwanza, maswali. Kwa ruhusa ya mahakama, mdai au mdaiwa aweza kumpelekea mwenzake maswali ya maandishi, naye huyajibu kwa kiapo.

Pili, kutaja hati. Mahakama yaweza kumwamuru mtu ataje kwa kiapo hati alizo nazo zihusuzo shauri.

Tatu, kukagua. Mwenzake huruhusiwa kuzisoma na kuzinakili, isipokuwa maneno ya siri baina ya mtu na wakili wake.

Mdai akikaidi amri, kesi yake yaweza kufutwa. Mdaiwa akikaidi, utetezi wake waweza kuondolewa, akawa kama mtu asiyejibu.

Lakini hati isiyoandikwa haionyeshwi. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa, orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mfiwa angethibitishaje kwamba ndugu yake alikuwamo?

Kwa hiyo, walimu na wazee, wafundisheni watu: wadai tikiti na kuihifadhi, waandike majina ya mashahidi, watunze karatasi za polisi na za hospitali. Wala wasikawie, kwani madai ya namna hii yapasa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.