Kupima Mafanikio ya Wahitimu wa Vyuo Vidogo vya Kikatoliki: Mtazamo kutoka Endebess

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kipimo kinachofaa kutumiwa kutathmini mafanikio ya wahitimu wa vyuo vidogo vya Kikatoliki, hususan wanaosomea ualimu wa Kiswahili. Suala hili ni zito katika maeneo kama Endebess, chini ya Mlima Elgon, ambako karo aghalabu hutokana na magunia ya mahindi. Mzazi aliyeuza mavuno yake ana haki ya kujua mwanawe atavuna nini.

Ukweli kama wajibu

Vyuo vya Kikatoliki nchini Kenya vilianza vikiwa vidogo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilianza 1984 kama taasisi ya theolojia, kikapata hati 1992. Tangaza ilianza 1986, ikapata hati yake 2024. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili, Ex Corde Ecclesiae, wa 1990, unakitaka chuo kikuu cha Kikatoliki kitafute ukweli na kuihudumia jamii. Kwa msingi huo, chuo kinapotangaza mapato ya wahitimu wake hakina budi kuusema ukweli wote.

Tatizo la wastani

Na lichukuliwe, kwa mfano, darasa la wahitimu 10. Tisa wanalipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mmoja, aliyeajiriwa na shirika la kimataifa, analipwa 120,000. Wastani ni shilingi 25,500, ilhali hakuna hata mmoja wao anayepokea kiasi hicho. Katika chuo kikubwa mtu mmoja humezwa na umati; katika chuo kidogo huipotosha picha nzima. Ni afadhali wahitimu wapangwe kuanzia mwenye mapato ya chini hadi ya juu, kisha yatajwe mapato ya aliye katikati.

Kibarua, utarajali na ajira

Serikali ilisitisha uajiri wa walimu wa moja kwa moja 1998. Tangu hapo, baina ya cheti na ajira pana kipindi cha kusubiri. Wapo wanaolipwa na bodi za usimamizi wa shule, na tangu 2020 wapo walimu tarajali. Mwaka 2023, mwalimu tarajali wa sekondari msingi alilipwa shilingi 20,000 na wa shule ya msingi 15,000, kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliupinga mpango huo, na Januari 2025 walimu tarajali takriban 46,000 wa sekondari msingi wakapewa ajira ya kudumu.

Hapa lugha inatoa mchango wake. Neno 'kibarua' linatokana na barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Kiswahili, basi, kinabainisha kibarua, utarajali na ajira. Ripoti inayosema tu kwamba mhitimu "anafanya kazi" inaufuta ubainifu huo.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila chuo kitangaze mambo matatu: mapato ya mhitimu wa katikati, muda aliosubiri, na aina ya mkataba wake. Aidha, vyuo vipanue mawanda ya mafunzo zaidi ya ualimu. Barabara ya Endebess inaelekea mpaka wa Suam, na ng'ambo ya mpaka huo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tafsiri na ukalimani ni nyanja zinazostahili kuandaliwa wahitimu mapema.