SOMO LETU: NANI ANA HAKI YA KUSEMA "SIMAMA"?



Katika wodi ya wagonjwa mahututi hakuna afanyaye kazi peke yake. Yupo daktari, muuguzi, mfamasia, na mfagizi pia. Mmoja akizembea, jasho la wote hupotea.

Lakini kuwa pamoja tu hakutoshi. Tuchukue mfano wa Marekani. Mgonjwa mahututi hutiwa mpira mwembamba katika mshipa mkubwa wa damu. Vijidudu vikipita humo, aweza kufa. Daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins aliorodhesha hatua tano: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa dawa, kuvaa glavu, joho na barakoa na kumfunika mgonjwa shuka safi, kuepuka kinena, na kuondoa mpira usiohitajika. Madaktari walizijua zote. Jipya lilikuwa hili: muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari arukaye hatua, isipokuwa wakati wa dharura.

Mwaka 2004 wodi zipatazo 100 za jimbo la Michigan zilianza mpango huo. Katika miezi mitatu ya kwanza, nusu ya wodi hizo au zaidi hazikupata maambukizo hayo hata mara moja.

Nasi tujifunze. Anayeiona hatari kwanza ni aliye karibu na kazi: mwendesha mashine, au mpiga dawa shambani. Haki yake ya kusimamisha kazi iandikwe, naye asiadhibiwe kwa kuitumia.

Tujadiliane tawini: kiwandani au shambani kwetu, nani anaruhusiwa kusimamisha mashine? Imeandikwa wapi?